Kusubiriana kilimani: jibu kwa mkimbiaji wa Manchester anayejiandaa kwenda Kinder Scout

Swali:

"Shikamoo kocha. Nina miaka 34, mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Manchester. Kukimbia nimeanzia hukuhuku, na mwaka huu nimemaliza nusu marathoni kwa saa 2 na dakika 12. Nimejiunga na klabu ya mtaani kwetu, watu wazuri kweli. Jumapili ya mwisho ya Novemba klabu ina safari ndefu: kilomita 25 kuanzia kijiji cha Edale, tunazunguka kingo za mlima wa Kinder Scout na kurudi. Tunaanza saa nne na nusu asubuhi. Wamesema ni mbio za pamoja, hakuna kuachana.

Tatizo ni hili. Oktoba tulipanda kilima kingine, kilomita 13 tu. Kukimbia nilikimbia vizuri. Ila kule juu tulisimama kama dakika 15 kuwasubiri wenzetu wawili, rasharasha na upepo, nikaanza kutetemeka mpaka meno yanagongana. Vidole vikafa ganzi, hata zipu ya begi sikuweza kuifungua. Kiongozi akanifungulia kama mtoto. Niliporudi nyumbani vidole viliuma karibu saa nzima. Naogopa nitakuwa mzigo kwa wenzangu. Mume wangu anasema sisi watu wa pwani miili yetu haikuumbwa kwa baridi ile, niwaachie wenyewe Wazungu. Je, ni kweli? Niende au nibaki? Na nikienda nibebe nini, maana orodha waliyotuma ni ndefu utadhani tunahama."

Jibu:

Marahaba dada yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kuna jambo umelieleza bila mwenyewe kuliona. Unaogopa kuwa mzigo kwa kuchelewa. Lakini siku ile ya Oktoba hukuchelewa. Ulikuwa umeshafika, umesimama, unawangoja wengine. Wale wawili waliokuwa bado wanapanda huenda walifika juu wakiwa na joto kuliko wewe. Mwendo haukukuumiza. Kilichokuumiza ni kungoja. Naomba ulishike hilo, maana karibu yote nitakayokuambia yanatoka hapo.

Tuanze na mwili. Misuli inapofanya kazi, sehemu ndogo tu ya nguvu inayotokana na chakula, kama robo hivi, ndiyo inayokusukuma mbele. Iliyobaki hugeuka joto. Mtu wa kilo 60 akikimbia mwendo wa kawaida huzalisha joto la wati 500 na zaidi. Akisimama, baada ya dakika chache anarudi kwenye wati 100 hivi, joto la balbu moja ya kizamani. Sasa jirudishe pale juu: ulifika ukiwa jiko linalowaka, dakika tano baadaye wewe ni balbu, na nguo ni zilezile, zimelowa jasho kwa ndani na mvua kwa nje. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa, kwa hiyo nguo iliyolowa haikukingi, inakunyonya. Upepo nao unapeperusha ule utando mwembamba wa hewa vuguvugu unaokaa juu ya ngozi, na kila ukipeperushwa mwili unalazimika kutengeneza mwingine. Hapo mwili hauna ujanja mwingi. Unabana mishipa ya damu ya vidoleni ili joto libaki kwenye moyo na ubongo, kisha unatetemesha misuli ipate joto bila kukimbia. Kule kutetemeka kwako hakukuwa udhaifu. Mwili ulikuwa unajitetea, tena kwa nguvu zake zote.

Pili, mahali penyewe. Kinder Scout ina urefu wa mita 636. Kwa mtu wa kwetu namba hiyo inachekesha. Mji wa Lushoto, hukohuko mkoani kwenu, uko kwenye mita 1,400 hivi na watu wanauza viazi sokoni. Usidanganyike na namba. Juu ya Kinder ni uwanda mpana usio na mti hata mmoja wa kujibanza. Kama umewahi kupita kati ya Mandara na Horombo pale Kilimanjaro, msitu ukiisha ghafla na kubaki vichaka vifupi, nyasi ngumu na ukungu unaokuja kama mtu amefungua mlango, basi unaijua sura yake. Tofauti ni kwamba chini ya nyasi za Kinder kuna mboji, udongo mweusi uliojengwa na mimea iliyooza nusunusu kwenye maji kwa maelfu ya miaka. Unashika maji kama sponji. Mvua imeuchimba ukawa mifereji yenye kina cha kumfunika mtu, inajipinda huku na kule, na ukiingia mmoja huoni mwenzako aliye kwenye mfereji wa jirani. Mguu unazama mpaka kwenye kifundo, wakati mwingine mpaka goti. Miguu yako italowa ndani ya nusu saa ya kwanza, na hakuna kiatu cha kukuepusha na hilo.

Upepo ndio wenye nyumba pale. Upande wa magharibi kuna maporomoko yanayoitwa Kinder Downfall, maji yanaanguka kwenye mwamba kama mita 30. Siku ya upepo mkali wa magharibi maji hayaanguki. Yanarudishwa juu, yanakumwagia usoni wewe uliye ukingoni. Njia yenu inapita hapohapo. Hesabu ya haraka ya Novemba: Manchester ikiwa na nyuzi 9, kule juu tegemea 5, maana joto hupungua kama nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Weka upepo wa kilomita 40 kwa saa, ambao si wa ajabu pale, na ngozi kavu itahisi kama iko chini kidogo ya sifuri. Ngozi iliyolowa itahisi vibaya zaidi.

Machi 1964, kwenye nyika hizihizi za Derbyshire, vijana watatu wa skauti walifariki kwa baridi wakiwa kwenye matembezi marefu ya mashindano yanayoitwa Four Inns. Walikuwa vijana wenye afya, na hawakukutwa na tufani ya theluji kama ya Everest. Ilikuwa mvua, upepo, nguo zilizolowa na miili iliyochoka. Griffith Pugh, mwanafiziolojia aliyekuwa kwenye msafara wa Everest wa 1953, alilichunguza tukio hilo na kuliandika mwaka uleule kwenye jarida la kitabibu la Lancet, na kazi zake zilizofuata zikaonyesha jinsi nguo iliyolowa inavyopoteza sehemu kubwa ya kinga yake ikipigwa na upepo. Ile orodha ndefu ya vifaa inayokuchosha ina mizizi kwenye misiba ya namna hiyo. Sikuambii haya kukutisha. Nataka ujue kwamba walioiandika orodha hawakuwa wanajaza karatasi tu.

Sasa mumeo. Mwambie amekosea nusu, na ile nusu nyingine tuipe heshima yake.

Amekosea kwenye mwili mzima. Kinachoamua mtu apoe haraka au polepole kule juu ni ukubwa wa umbo lake, mafuta aliyonayo chini ya ngozi, alichokula, alivyochoka, na zaidi ya yote alichovaa na kama kimelowa. Mzungu mwembamba wa kilo 55 mwenye fulana ya pamba iliyolowa atatetemeka kabla yako wewe uliyevaa sawasawa. Nimeongoza makundi kwenye vilima hivi kwa miaka, na niliowaona wakiishiwa zaidi ni wanaume wembamba wenye mbio, wanaofika mbele, wanasimama na kaptula zao wakiona aibu kuvaa koti.

Lakini kwenye vidole ana hoja. Tafiti zilizofanywa kwa wanajeshi wa Uingereza zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika hupata madhara ya baridi kwenye vidole vya mikono na miguu mara nyingi zaidi kuliko wenzao Wazungu. Kwa wengi wetu mishipa ya vidoleni ikikutana na baridi inabana kwa nguvu zaidi na inachelewa kufunguka. Na madhara hayo hayahitaji barafu: unyevu na baridi ya nyuzi chache juu ya sifuri, kwa saa nyingi, vinatosha. Kwa hiyo usikubali kuambiwa "glavu nyembamba zinatosha, mbona sisi hatuvai kabisa". Mikono yao si yako.

Hapohapo kuna sehemu ambayo siwezi kuimaliza kwa maandishi. Ganzi iliyoisha kwa maumivu ya saa moja baada ya kupata joto ni onyo, ila kwa kawaida inapita bila kuacha alama. Nenda kwa daktari wako, uso kwa uso, kabla ya safari hii ikiwa una mojawapo ya haya: vidole bado vina ganzi au vinachomachoma siku kadhaa baadaye, unahisi baridi kupita zamani hata ukiwa ndani ya nyumba, vidole hubadilika rangi ghafla, vikipauka kisha kuwa na weusi wa buluu, kila ukishika kitu cha baridi, au una kidonda kwenye ncha ya kidole kisichopona. Kwenye ngozi nyeusi huo upauko hauonekani vizuri mgongoni mwa mkono, kwa hiyo geuza kiganja, angalia ncha za vidole na chini ya kucha. Mwambie daktari waziwazi kwamba unakimbia milimani na ueleze siku ile ilivyokuwa. Vilevile, ukiwa na selimundu, safari hii usiiamue na kocha. Iamue na kliniki inayokuhudumia, kwa sababu baridi na kukaukiwa maji vyote vinaweza kuamsha maumivu. Mwenye pumu naye apate ushauri, na dawa yake ya kuvuta aiweke mfukoni karibu na mwili, asiizike chini ya begi.

Nirudi kwenye kungoja, maana ndiko uzito wa jibu langu uliko.

Kundi linalokimbia pamoja huwa kama kinanda cha kukunjua. Kwenye mteremko linavutika, langoni linajikunja. Wa mbele wanafika, wanasimama, wanapoa. Wa mwisho anafika anahema, anaulizwa "upo sawa?", anajibu "nipo sawa", na kundi linaondoka. Yaani mwenye kuhitaji pumziko zaidi kuliko wote ndiye pekee ambaye hakupumzika, na wenye nguvu wamepumzishwa mpaka wakaganda. Nimeona kundi la watu 14 likiharibika namna hiyo bila mtu yeyote kukosea jambo kubwa.

Dawa yake inajulikana, ni suala la klabu kukubaliana kabla ya kuanza. Wa mbele wasisimame. Wakifika mbali wageuke, warudi mbio mpaka kwa mtu wa mwisho, kisha wapande naye tena. Hivyo wanabaki na joto, wanapata mazoezi waliyoyataka, na wa mwisho haachwi peke yake. Awepo mfunga msafara, mtu mzoefu ambaye kazi yake siku hiyo ni kutomwacha yeyote nyuma yake. Panapokuwa lazima kusimama, msimame upande wa mwamba usiopigwa na upepo, na anayeamua muda wa kuondoka awe yule aliyefika mwisho. Watu wahesabiwe kwa sauti kila kituo.

Kuhesabiana huko wengine hukuona utoto. Hebu fikiria tofauti ya Kilimanjaro na Kinder. Pale Marangu unaandikishwa getini, unalipia, unapewa mwongozaji, na siku ya kushuka jina lako linafutwa kwenye kitabu. Kinder haina geti wala kiingilio. Ni mali ya National Trust, shirika la hisani linalotunza ardhi na majengo ya kale, tangu 1982, na haki ya kila mtu kutembea pale ilipiganiwa: tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester, walipanda kwa makusudi ardhi waliyokatazwa, na watano wakafungwa. Leo unaingia bure, hata wewe uliyezaliwa Tanga, na hakuna wa kukuuliza unaelekea wapi. Jambo zuri sana. Ila maana yake pia ni kwamba hakuna anayejua kama umeshuka. Kitabu cha getini ni nyinyi wenyewe.

Na wewe binafsi, ukisimama tu, kabla hujazungumza na mtu, kabla ya picha, vaa koti. Usingoje kuhisi baridi. Ukishaihisi umechelewa kama dakika tano, na hizo tano ndizo zinazokula vidole. Kisha glavu, kisha kitu mdomoni. Kundi likianza kuondoka, kimbia dakika mbili ukiwa bado na koti, halafu ulivue ukiwa njiani. Endelea kuchezesha miguu hata mkiwa mmesimama. Hakuna atakayekucheka, na kama yupo, ndiye atakayekuwa anatetemeka kituo kinachofuata.

Kuhusu kasi, futa kabisa hesabu ya nusu marathoni. Kilomita 25 za Kinder si saa mbili na nusu. Kuna kanuni ya mwaka 1892 ya Mskoti William Naismith: kwa mtembeaji, saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuseme njia yenu inapanda jumla ya mita 700. Mtembeaji atatumia saa 6 na dakika 10 hivi. Kundi la wakimbiaji mchanganyiko, kwa uzoefu wangu, hutumia theluthi mbili za muda huo, na ukiweka vituo jumla inafika muda wa saa nne na nusu. Panda ile njia ya mwinuko mkali iitwayo Jacob's Ladder kwa kutembea, mikono kwenye mapaja. Karibu wote watatembea. Mkianza saa nne na nusu asubuhi mtamaliza saa tisa alasiri kama hakuna aliyeteguka mguu. Mwisho wa Novemba jua linazama kabla ya saa kumi. Akiba yenu haifiki hata saa moja, na kwangu mimi hiyo haitoshi. Mwombe kiongozi muanze saa tatu, na taa ya kichwani isikosekane hata kidogo. Likikubaliwa hilo moja tu, utakuwa umewasaidia wote.

Orodha sasa. Koti la mvua lenye kofia na mishono iliyozibwa, lisilopitisha maji, ndilo la kwanza; kile kikoti chembamba cha upepo hakitoshi. Suruali ya mvua watu huidharau, lakini mapaja ni misuli mikubwa, yakipoa hukimbii tena. Nguo inayogusa ngozi iwe ya sintetiki au sufu ya merino, pamba uiache nyumbani. Kama unavaa hijabu, hili linakuhusu zaidi: kitambaa cha pamba kikilowa kinakaa shingoni kama kitambaa cha barafu. Vaa ya kitambaa chepesi cha michezo, na nyingine kavu iweke begini ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, pamoja na fulana ya joto ya kuvaa mkisimama. Viatu viwe vya njia za porini, vyenye meno marefu. Vya lami vitakuangusha kwenye mboji kabla ya kilomita ya tatu.

Mikono: glavu nyembamba ndani, na juu yake zile zisizotenganisha vidole, zisizopitisha maji. Vidole vikikaa pamoja vinagawana joto. Beba na jozi ya pili kavu. Ongeza vile vipakiti vya kuzalisha joto vinavyouzwa kwa bei ndogo madukani. Kwa mikono kama yako ningevifungua mapema, kabla ya kutoka bondeni. Na funga kamba fupi kwenye kila zipu ya begi na koti, kitanzi cha kupitisha kidole kizima. Kamba ya viatu vya zamani inatosha. Siku vidole vikigoma, utaivuta hata kwa meno.

Ramani, dira na filimbi viwepo hata kama hujui kuvitumia vizuri, na uanze kujifunza. Simu huzimika haraka kwenye baridi, na juu ya uwanda ukungu ukishuka hata wenyeji huzunguka wakarudi walikotoka. Ramani ya eneo hilo ni ile ya Ordnance Survey yenye alama OL1. Mfuko wa dharura wa plastiki nene wa kuingia mwili mzima ni bora kuliko ile karatasi ya fedha inayopasuliwa na upepo. Na uliza kama klabu ina kibanda cha dharura, lile turubai jepesi lisilo na nguzo ambalo watu sita wanajifunika nalo na kukalia kingo zake. Ukiingia mle mara ya kwanza hutaamini: upepo unakatika, pumzi za watu zinapasha hewa, na dakika mbili baadaye miwani ya mwenzako imejaa ukungu wa joto. Kundi lisilo nacho, mimi sitoki nalo Novemba.

Chakula si cha kukutia nguvu za miguu peke yake. Kutetemeka kunachoma sukari, na aliyeishiwa sukari hutetemeka kwa udhaifu, kisha hupoa. Kula gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa, ukianza ndani ya saa ya kwanza, njaa iwepo isiwepo. Ndizi moja ni kama gramu 25. Tende kubwa mbili zinafika 35. Zile jeli za pakiti zinahitaji vidole vyenye akili kuzifungua, kwa hiyo nakushauri kitu cha nyumbani: kashata za karanga, zikatwe vipande vya kuingia mdomoni mara moja, ziwekwe mfuko wa mbele wa begi bila kufungwa mojamoja. Nimezibeba miaka mingi. Haziyeyuki, hazigandi, na hata ukiwa na glavu unazishika. Chupa ndogo ya chai ya tangawizi yenye sukari ni uzito unaojilipa, ingawa joto lake ni dogo kuliko tunavyodhani. Kinachofanya kazi hasa ni ile sukari.

Jifunze dalili, zako na za mwenzako. Madaktari huita haipothemia pale joto la ndani ya mwili linaposhuka chini ya nyuzi 35. Kabla ya kufika huko mtu anajikwaa pasipo na jiwe, maneno yanakuwa mazito mdomoni, vitu vinamponyoka, na tabia inabadilika: mcheshi ananyamaza, mpole anajibu kwa ukali, au anasema "niacheni nikae kidogo". Mtu akifikia hapo, yeye si shahidi wa hali yake. Mkingeni na upepo, mwekeeni kitu chini asikalie ardhi, mvueni kilicholowa kama mna kikavu, mpeni kitamu ikiwa anameza vizuri. Msimsugue mikono wala miguu, na pombe hapana. Akichangamka, shukeni naye kwa njia fupi. Akiacha kutetemeka ilhali bado ni wa baridi na maneno yamechanganyika, hiyo ni hatari ya kifo: mlazeni, mfunikeni, pigeni simu 999, ombeni polisi, kisha semeni mnahitaji kikosi cha uokoaji wa milimani. Ni watu wa kujitolea na hawadai malipo. Jiandikishe leo kwa kutuma neno "register" kwenda 999, ili pale mtandao ukiwa hafifu uweze kutuma ujumbe mfupi. Filimbi ni mipulizo sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika, rudia.

Basi, uende au ubaki? Nguvu za miguu unazo, sina shaka. Ningekuwa nimesimama nawe ningekuambia hivi: Jumapili mbili kabla ya safari, nenda na wenzako wawili, mpande kwa saa mbili tu siku yenye manyunyu, na msimame makusudi dakika kumi juu ukiwa umevaa kila nilichotaja. Vidole vikibaki hai, nenda safari kubwa kwa amani. Vikifa tena licha ya yote hayo, ahirisha mpaka Mei, umwone daktari, na hutakuwa umepoteza kitu, Kinder haihami. Njia ya katikati ipo pia: zungumza na kiongozi mapema kwamba mkifika Downfall na hali ikiwa mbaya, wewe na mwingine mtashukia Hayfield, ambako kuna mabasi. Usishuke peke yako.

Kuhusu kuwa mzigo, mwandikie kiongozi wiki hii. Mweleze Oktoba ilivyokuwa, dakika kumi na tano, zipu, vidole, vyote. Najua malezi yetu. Mgeni hulalamiki, unasema "nipo sawa" mpaka unaanguka. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na kule juu siri ya mmoja inawagharimu wote. Kiongozi mzuri atakushukuru na kubadili mpango wa kusubiriana. Asiyetaka kusikia, safari yake usiende, hata jua liwake.

Na fanya jaribio hili jikoni kwako kabla ya kupanda treni. Jaza beseni maji baridi ya bomba, tumbukiza mikono dakika mbili, kisha bila kuifuta jaribu kufungua begi, kutoa koti, kulivaa, kuvaa glavu za pili na kula kashata moja. Chochote kitakachokushinda hapo mezani, kirekebishe usiku huohuo.